Hodi Mlango wa 25

"Kaka, zile ankara za Bremen zimefika kweli?" Mhasibu wetu aliniuliza Jumatano asubuhi. Alikuwa amezituma Jumatatu, kwa hiyo nilijua mara moja kwamba kwa siku mbili seva yangu ilikuwa imekalia mzigo wa watu bila kusema neno. Postfix, programu inayopeleka barua pepe za ushirika wetu wa kahawa hapa Moshi, si mlalamishi. Barua ikikataliwa kwa muda huiweka kwenye foleni, huijaribu tena baada ya dakika chache, kisha hurefusha subira mpaka saa 1 na ushei. Usipoipangia vinginevyo, itakiri kushindwa siku ya 5.

Nikafungua batli. Wenzangu husema logi, lakini mimi neno nimelichukua kwa manahodha, maana kitabu ni kilekile: nani alipita, saa ngapi, na upepo ulikuwaje. Kila barua ina alama yake. Ukiifuata mstari kwa mstari unaona ilipoingia, mlango iliobisha na jibu ililopewa. Jibu la Bremen lilianza na 450. Tarakimu ya kwanza ndiyo ya kuisoma kwa makini: 2 ni karibu, 4 ni rudi baadaye, 5 ni usirudi. Fundi mwenye papara huona kukataliwa tu, akaanza kubomoa mipangilio iliyokuwa salama. Wapo wenyeji wanaomjibu mgeni wa mara ya kwanza kwa 4 makusudi. Mbinu hiyo aliieleza Evan Harris mwaka 2003, na hesabu yake angeielewa yeyote aliyelelewa penye hodi: mgeni wa kweli atarudi baadaye kidogo, ila mtuma barua taka ana nyumba nyingi mno za kupita. Lakini siku mbili za kurudishwa hazikuwa ugeni tena.

Basi nikakaa kwenye seva nikabisha mwenyewe, kwa vidole. Hapa ndipo ninapoipenda kazi hii kuliko kazi nyingine zote za kompyuta nilizowahi kufanya. Lugha ya seva za barua, ambayo Jon Postel aliiandikia kanuni Agosti 1982, mtu anaweza kuisema. Unabisha mlango wa 25, ndani wanajibu 220. Unasema EHLO na jina lako, ndiyo hodi yenyewe. Unataja barua inatoka kwa nani na inakwenda kwa nani. Unaiandika, kisha unaweka nukta moja, peke yake kwenye mstari. Ukijibiwa 250 baada ya nukta ile, amana imehama mikono. Aliyetamka 250 hana ruhusa ya kuitupa barua na kunyamaza kwa sababu tu kazi imemchosha: aifikishe, la sivyo amwarifu mwenyewe kwamba imeshindikana. Nimeona mikataba yenye mihuri mitatu isiyobana kama nukta hiyo.

Sikufika kwenye nukta. Nilipotaja mpokeaji tu nikaambiwa anwani ninayotokea haina jina. Mwishoni mwa wiki mtoa huduma wetu wa intaneti alikuwa ametubadilishia anwani ya laini. Jina letu nilikuwa nimeshalielekeza kwenye anwani mpya, na ndiyo maana barua za kuingia hazikuwa na shida. Ila kuna swali la upande wa pili: anwani hii ni ya nani? Jibu lake limo kwenye rekodi iitwayo PTR, na rekodi hiyo haishikwi na mwenye jina, hushikwa na mwenye anwani. Nilikuwa kama mpangaji aliyebandika jina lake mlangoni, kumbe balozi wa nyumba kumi akiulizwa hamtambui. Majirani wasio wakali walinipokea hivyohivyo. Bremen hawakutaka.

Nikiwa nangoja mtoa huduma anipigie, akapiga mtu wetu wa mauzo, yuko safarini Dodoma. Simu yake mpya ilikuwa inarudishiwa 554: seva yetu imekataa kubeba barua yake. "Fungua kidogo tu, kaka, mpaka nirudi."

Kidogo hakupo. Zamani seva yoyote ilibeba barua ya yeyote, na huo ulikuwa ustaarabu, mpaka wenye barua taka walipoufanya punda wao. Konda wa basi la mkoa anayepokea kila kifurushi bila kuuliza mwenyewe, siku kifurushi kitakapofunguliwa kizuizini atashuka yeye. Seva iliyo wazi kwa dunia nzima hugunduliwa upesi, anwani yake ikaingia kwenye orodha za kuzuiwa kama zile za Spamhaus, na kujitoa humo ni kazi ya kubembeleza. Kwa watu wa nyumbani uliwekwa mlango mwingine, 587, mwaka 1998: unajitambulisha kwa jina na nywila, ndipo unabebewa. Simu yake ilikuwa inabisha mlango wa 25 kama mgeni. Tukairekebisha huku anakula chipsi, nilimsikia akitafuna.

Saa 9 alasiri PTR ikawekwa. Nikaisukuma foleni isingoje zamu yake, nikaikodolea batli macho. Barua 11. 250 zikaanza kushuka, moja, nyingine, kisha tatu kwa mpigo, mpaka foleni ikawa tupu. Nikaenda kwa mhasibu nikiwa na uso wa bwana harusi.

"Hongera, kaka," alisema bila kuinua macho kwenye daftari. "Ila zile za Bremen niliwatumia kwa WhatsApp saa 6, nilikuona unahangaika."