Jicho la Mwalimu wa Gofu

Swingi ya gofu ni kitendo kifupi kuliko muda wa kukifikiria. Fimbo ikishaanza kushuka kutoka juu ya bega huufikia mpira kwa takriban robo ya sekunde, na uso wake hugusana na mpira kwa kama sehemu moja ya 2,000 ya sekunde. Katika mgusano huo mpira, ambao kwa kanuni hauzidi gramu 45.93, hupewa kila kitu: kasi, uelekeo, kimo na mzunguko utakaoupindisha angani. Nafasi ya kujirekebisha njiani haipo. Isitoshe, mchezaji hajioni. Huapa kwamba mkono wake wa kushoto ulinyooka kumbe ulikunjika, na kwamba fimbo iliishia usawa wa bega kumbe ilikwenda kuning'inia mgongoni. Pengo hilo kati ya kinachohisiwa na kinachotendeka ndilo linalompa kocha kazi, na ndilo linalowapa wauza vifaa soko.

Vifaa vyenyewe ni vingi, na sehemu kubwa yake huishia stoo. Kuna fimbo zenye bawaba zinazokunjika mchezaji akikurupuka, mifuko ya kupigia ili mikono izoee kutangulia kichwa cha fimbo, na pete kubwa za kuongoza njia ya fimbo. Bei haisemi lolote juu ya ubora wake. Kifaa kizuri ni kile kinachomwambia mchezaji jambo la kweli ambalo macho na mwili wake vimemficha, na mara nyingi hicho ndicho cha bei ndogo. Vijiti viwili vikilazwa kwenye nyasi, kimoja kikielekea shabaha na kingine sambamba na vidole vya miguu, humwonyesha papo hapo aliyejipanga upande. Unga wa kupuliza wa miguuni, ule wa kukausha jasho, ukipulizwa kwenye uso wa fimbo huacha utando mweupe. Mpira ukipigwa hubaki alama ya duara. Anayedai kwamba alipiga katikati huoneshwa alama yake kando kabisa, karibu na shina la fimbo, na ubishi huishia hapo.

Ernest Jones, Mwingereza aliyepoteza sehemu ya mguu wake wa kulia katika Vita vya Kwanza vya Dunia, alirudi uwanjani akagundua kwamba bado anaweza kupiga vizuri. Kama mguu mmoja ulitosha, basi mafundisho yaliyochambua kila kiungo cha mwili yalikuwa yamezidisha. Kifaa chake kilikuwa kisu cha kukunja kilichofungwa kwenye ncha ya leso. Aliishika leso pamoja na fimbo, akavizungusha vyote kwa wakati mmoja. Nguvu ikiwa ya kuzungusha kweli, kisu na kichwa cha fimbo husafiri pamoja. Mtu akitumia mabavu, leso hulegea na kisu hushika njia yake. Jones alihamia Marekani, akafundisha kwa miaka mingi mjini New York, ndani ya jengo.

Jack Nicklaus alipoanza gofu mwaka 1950 akiwa na miaka 10, katika klabu ya Scioto huko Columbus, Ohio, kichwa chake hakikutulia. Mwalimu wake, Jack Grout, hakumtafutia mashine. Alimwagiza msaidizi wake azishike nywele za mtoto huyo wakati akipiga. Kichwa kikisogea, nywele zinavutwa. Njia hiyo ilikuwa na ukatili kidogo, lakini ilichaguliwa kwa kosa moja la mtu mmoja, na ilipofanya kazi yake mkono uliondolewa. Nicklaus aliendelea kumrudia Grout hata baada ya kuwa bingwa.

Kuondolewa huko ndiko kunakosahauliwa na wengi. Mwaka 1984 watafiti Salmoni, Schmidt na Walter walipitia tafiti nyingi za kujifunza miondoko na kuonya kwamba msaada unaotolewa kila mara humpendeza mwanafunzi wakati wa mazoezi, kisha humwangusha ukikosekana, kwa sababu amejifunza kuutegemea. Na kanuni za gofu zinahakikisha kwamba utakosekana. Mwaka 2010 Juli Inkster, bingwa mkongwe, alichoka kusubiri zamu kwenye shimo la 10 huko Oregon, akavalisha fimbo yake pete ya uzito na kuizungusha ili mwili usipoe. Aliondolewa mashindanoni, kwa kuwa pete hiyo ilihesabiwa kuwa kifaa cha mazoezi.

Mwaka 1999 Gabriele Wulf na wenzake waliwafundisha wanagenzi mpigo mfupi wa gofu. Walioambiwa wawaze mwendo wa fimbo walipiga kwa usahihi kuliko walioambiwa wawaze mikono yao, hata walipopimwa baadaye bila maelekezo. Walimu wazuri walikuwa wakitenda hivyo kabla ya maabara. Harvey Penick, aliyefundisha kwa miongo mingi Austin, Texas, aliwashauri wanafunzi wazungushe kikatio cha magugu, ndugu wa fyekeo ambalo mtoto wa shule ya msingi Afrika Mashariki hahitaji kuelezwa. Anayefyeka huwaza nyasi. Viwiko vinajipanga vyenyewe. Penick alikuwa mchache wa maneno kwa makusudi, kwa kuwa alijua mwanafunzi hulipokea shauri dogo na kulitumia kupita kiasi, kama mgonjwa anayemeza chupa nzima ya vidonge. Aliwalea Tom Kite na Ben Crenshaw, waliokuja kuwa mabingwa, katika klabu moja, lakini hakuwafundisha pamoja: dawa ya mmoja ingeweza kumdhuru mwenzake.

Rada zinazofuatilia fimbo na mpira zimeongeza ukweli mwingine. Vipimo kama vya TrackMan, kampuni ya Denmark iliyoanzishwa mwaka 2003, vilisaidia kufuta somo lililorudiwa vitabuni kwa miaka, kwamba mpira huanza safari kwa kufuata njia ya fimbo. Huanza zaidi kuelekea kule uso wa fimbo unakotazama. Walimu walionufaika ni wale waliokubali kubadili somo. Mwanafunzi anayesomewa tarakimu 20 kila baada ya mpira hana anachonufaika nacho.

Je, kocha husaidia? Mchezaji Nick Faldo alimfuata kocha David Leadbetter katikati ya miaka ya 1980, akaivunja swingi yake na kuijenga upya kwa takriban miaka miwili ya matokeo hafifu. Mwaka 1987 alishinda The Open huko Muirfield kwa kupata pa, yaani idadi ya mipigo iliyowekwa kwa shimo, katika kila shimo la raundi ya mwisho. Ian Baker-Finch alishinda shindano hilo mwaka 1991, kisha akaanza kuirekebisha swingi iliyompa ushindi. Mwaka 1997, katika shindano lilelile, alitumia mipigo 92 katika raundi moja huko Royal Troon, akajiondoa. Kazi ya aina ileile ilimjenga mmoja na kumbomoa mwingine.

Wapo pia wasio na mwalimu, kama Bubba Watson, mshindi wa Masters mara mbili. Wachezaji wengi wa kulipwa wa Kenya na Tanzania walianza kwa kubeba mifuko ya wengine, wakitazama maelfu ya mipigo pamoja na matokeo yake. Hiyo nayo ni shule, na kali.

Ufundi wa juu kabisa, hata hivyo, ulionekana kwa Mike Furyk wa Pennsylvania. Mwanawe, Jim, aliinua fimbo karibu wima, kisha akaizungusha kitanzi cha ajabu nyuma ya mgongo kabla ya kushuka. Kila mtazamaji aliliona kosa hilo. Baba aliona kwamba fimbo inapoufikia mpira kitanzi kimekwisha, uso umenyooka na mgusano ni safi, akakiacha. Jim alishinda U.S. Open mwaka 2003, na mwaka 2016 akamaliza raundi moja kwa mipigo 58 tu, alama ya chini ambayo hakuna mchezaji wa PGA Tour aliyekuwa amewahi kuifikia, akiwa na kitanzi chake kilekile.