Kisigino cha Soksi

Katika kazi zote za mikono zinazotumia uzi, hakuna iliyokosa bahati ya kutazamwa kama soksi ya kufumwa kwa mkono. Shali hutupwa begani, kofia ya vito hukaa juu kichwani, na vitambaa vya kroshia hutandikwa migongoni mwa makochi ili mgeni avione kabla hajaketi. Lakini soksi huingizwa ndani ya kiatu, na ile sehemu iliyomgharimu mfumaji akili nyingi zaidi, yaani kisigino, ndiyo inayofichwa kabisa na kukanyagwa mchana kutwa. Hata hivyo wapo watu katika nchi nyingi, wasiofuma kwa ajili ya kuuza wala kwa kukosa cha kuvaa, ambao huihesabu soksi kuwa kilele cha ufumaji, wakamaliza jozi moja jioni na kuanza nyingine kabla ya kulala. Mapenzi hayo huonekana kama kichekesho kwa asiyeyajua, kwa kuwa soksi ni kitu cha bei rahisi. Lakini ndani yake umehifadhiwa ujuzi ambao kwingineko umeachwa upotee pasipo mtu hata kuuaga.

Ufumaji unaokusudiwa hapa si ule wa mtande na mshindio, ambao nyuzi hupishana kwenye kitanda cha mfumi, bali ni ule wa sindano ndefu zisizo na tundu, ambao uzi mmoja hupitishwa kitanzi ndani ya kitanzi hadi kitambaa kipatikane. Kitambaa cha namna hii hunyumbuka kila upande, na ndiyo sababu kinaufaa mguu, kiungo kisichotulia. Soksi hufumwa kwa mzunguko: vitanzi hugawanywa juu ya sindano nne fupi zenye ncha pande zote mbili, sindano ya tano ikifanya kazi ya kufuma, na bomba la kitambaa likashuka polepole bila mshono wowote. Kwa uzi mwembamba, soksi ya mtu mzima huwa na vitanzi kama 64 katika kila mzunguko, na mizunguko yake ikijumlishwa kuanzia ukingo wa juu hadi vidoleni, soksi moja huwa na vitanzi vinavyokaribia 10,000. Kisha mfumaji huanza tena kutoka mwanzo, kwani miguu ni miwili, na wengi huishiwa hamu hapo. Droo za wafumaji duniani zina soksi nyingi zisizo na wenzi.

Bomba la kitambaa, hata lifumwe vizuri namna gani, bado si soksi. Mguu wa binadamu unapofika chini hupinda kuelekea mbele, na mahali pa kupinda pana mfupa uliotokeza nyuma. Kwa hiyo kitambaa nacho hakina budi kupinda na kutokeza, pasipo kukatwa kwa mkasi na pasipo kushonwa. Ugumu huo ulipata ufumbuzi mwingi tofauti, lakini ule ulioenea zaidi Ulaya huenda hivi. Mfumaji anapofika kwenye kifundo cha mguu, huviacha vitanzi 32 vya mbele vipumzike kwenye sindano zake, na kuvifuma vile 32 vya nyuma peke yake, akienda na kurudi, hadi apate kipande cha mraba kinachoning'inia. Katika kipande hicho hukiruka kitanzi kimoja na kukifuma kingine, ili uzi ujikunje nyuma ya vile vilivyorukwa na kitambaa kiwe kinene, maana hapo ndipo kiatu kitakaposugua. Hadi hapo kazi yote ni ya subira tu, na mtoto anaweza kuifanya.

Kinachofuata huitwa kugeuza kisigino, na ndicho kinachowafanya wafumaji wazima wapige kelele ya furaha siku ya kwanza wanapokiona kikitokea. Mfumaji hufuma kupita kidogo katikati ya vile vitanzi 32, huunganisha viwili kuwa kimoja, hufuma kimoja zaidi, kisha hugeuza kazi yake na kurudi hali safu haijakwisha. Upande wa pili hufanya vivyo hivyo, akigeukia njiani. Kila safari husogea hatua moja mbele ya pale alipogeukia kabla, na kwa kuwa safu za katikati zinazidi kuongezeka hali za pembeni zimesimama, kitambaa hulazimika kuvimba kwa nje. Vitanzi vya pembeni vinapokwisha, sindano hubaki na 18 tu, na mbele ya macho pana kisigino chenye kina, kilichotokana na uzi ulionyooka na kuhesabu kwa kawaida tu. Hakuna maelezo ya maandishi yanayomshawishi mwanafunzi kwamba jambo hilo litafanikiwa. Maelekezo yake huonekana kama makosa ya uchapaji hadi pale mikono inapoyatii.

Baada ya hapo huokotwa vitanzi 16 katika kila ubavu wa kile kipande cha mraba, vikaungana na vile 18 vya kisigino na vile 32 vilivyokuwa vimepumzika, jumla yake ikawa 82. Idadi hiyo ni kubwa kuliko mguu unavyohitaji mbele zaidi, kwa hiyo hupunguzwa viwili viwili, mzunguko mmoja ukipunguzwa na mwingine ukiachwa, hadi virudi 64 vya mwanzo. Alama inayobaki ni pembetatu ndogo kila upande wa kifundo, na fundi wa kanzu akiiona huitambua mara moja, kwa kuwa ni kazi ileile ya kikwapa: kipande cha ziada kinachotiwa pale ambapo mwili unapinda na nguo ikikataa kupinda nao. Mafundi hao wawili hawakufundishana, ila wote walianza kwa kuutazama mwili.

Historia ya soksi ina mapengo mengi, kwani kitu kinachovaliwa hadi kikachakaa hakiachi mabaki. Mabaki ya zamani yaliyo bora yametoka Misri, ambako ukavu wa mchanga huhifadhi hata pamba. Katika makaburi ya Oxyrhynchus zilipatikana soksi nyekundu za enzi za Warumi, zilizotenganishwa kidole gumba na vingine ili zivaliwe na ndara. Lakini hizo zilitengenezwa kwa sindano moja yenye tundu, kwa mbinu ya kufunga vitanzi iliyotangulia ufumaji wenyewe. Soksi za kufumwa hasa zinazojulikana kuwa za kale zaidi ni za Misri ya Kiislamu, za kati ya karne ya 11 na ya 14, za pamba nyeupe na ya buluu ya nili, nyingine zikiwa na mistari ya mapambo inayoiga mwandiko wa Kikufi. Mtu aliyeketi mahali fulani karibu na Mto Nile alihesabu vitanzi vya rangi mbili ili maandishi yauzunguke mguu wa mtu, tena mguu uliokuwa uende kufichwa. Baadhi ya soksi hizo zilianzwa vidoleni na kupandishwa juu, njia ambayo wafumaji wa leo wa Ulaya na Marekani hujivunia kama uvumbuzi mpya.

Mashine iliingia mapema kuliko inavyodhaniwa. Mwaka 1589, huko Calverton karibu na Nottingham, Uingereza, William Lee alibuni mtambo wa kufuma soksi, na masimulizi yaliyozoeleka husema kwamba Malkia Elizabeth I alimnyima hati ya kuulinda uvumbuzi wake kwa kuwahurumia raia zake waliokula kwa sindano. Isingekuwa haki kuitupia mashine hiyo lawama zote, kwa kuwa soksi za mitambo ya mwanzo zilifumwa kwa umbo la mguu na mafundi waliojua walifanyalo. Wafanyakazi wa Nottinghamshire walipoanza kuivunja mitambo mwaka 1811, malalamiko yao mojawapo yalikuwa kwamba matajiri walifumisha kitambaa kipana, wakakikata kwa mkasi na kukishona kiwe soksi, nazo zikafumuka baada ya muda mfupi na kulitia aibu jina la kazi yao. Historia imewakumbuka watu hao kama maadui wa maendeleo. Pengine ingefaa wakumbukwe pia kama mafundi waliokataa kisigino cha uongo.

Mfumaji wa kujifurahisha hana tajiri wa kumlaumu, na bidii yake huielekeza kwanza kwenye uzi. Sufu ya kondoo wa merino ni laini lakini huchakaa upesi, ndiyo maana uzi wa soksi wa kawaida huchanganywa robo tatu za sufu na robo moja ya nailoni, na bonge la gramu 100, lenye takriban meta 400, hutosha jozi moja. Sufu nyingi za siku hizi huoshwa pia kwa klorini na kupakwa utando mwembamba wa plastiki ili zisirudi zikifuliwa, yaani nyuzi zake zisishikane na kunywea. Unafuu huo una bei yake, kwa sababu sufu iliyotendewa hivyo hupoteza sehemu ya tabia iliyoifanya ipendwe. Aliyezama katika mapenzi haya hujadili mambo hayo kwa uzito ambao wengine huuweka kwenye siasa, na hununua uzi uliotiwa rangi kwa mkono hata pale ambapo kabati lake lina uzi wa kumzidi umri. Udhaifu huo usitetewe sana. Ni tamaa ya soko ileile, imevaa vazi la utamaduni.

Sifa ya kweli ya mapenzi haya iko katika kujifunza. Mtu aliyezoea kufuma soksi kutoka juu hujilazimisha kuanzia vidoleni. Aliyezoea sindano tano hujifunza kutumia sindano moja ndefu yenye kamba katikati, ambayo kamba yake huvutwa kando iwe kitanzi kikubwa ili mzunguko mdogo uwezekane. Naye aliyechoshwa na soksi ya pili hujaribu kufuma zote mbili kwa pamoja, moja ndani ya nyingine, akitenganisha nyuzi mbili kwa vidole vyake kila hatua. Mbinu hii ya mwisho haikuanza leo: katika Vita na Amani, Tolstoy amemchora mwanamke aitwaye Anna Makarovna ambaye humaliza soksi mbili kwa sindano zilezile, kisha mbele ya watoto huichomoa moja kutoka ndani ya nyingine.

Mfano mwingine ni namna ya kufunga vidole. Vitanzi vinavyobaki mwishoni vikishonwa kwa kawaida huacha ukingo mgumu, ambao kwa mtu anayetembea umbali mrefu ni malengelenge. Dawa yake ni kuupitisha uzi kwa sindano yenye tundu kati ya safu mbili, ukiifuata njia ambayo kitanzi kingeipita, hata pasionekane mahali pa kuungana. Mshono huo hupewa jina la Lord Kitchener, aliyekuwa Waziri wa Vita wa Uingereza hadi alipofariki mwaka 1916, wakati ambapo wanawake wengi walifuma soksi kwa ajili ya askari waliosimama katika mahandaki yenye maji, miguu yao ikioza. Kwamba yeye mwenyewe aliubuni ni vigumu kuamini. Lakini kwamba mshono mwororo ulikuwa haja ya vita hakuna ubishi.

Afrika Mashariki nayo ilikuwa na sindano zake, hasa katika nchi za juu zenye baridi kama Limuru, Nyahururu, Lushoto na Njombe, ambako sweta si pambo. Nchini Kenya, mfumo wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985 uliwafundisha watoto wa shule za msingi kufuma katika somo la sayansi kimu, na wengi wao, kwa kukosa sindano za dukani, walifumia spoki za baiskeli zilizonolewa kwenye jiwe. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 somo hilo liliondolewa katika mtihani wa mwisho wa shule za msingi, na kisichotahiniwa hakikawii kuachwa. Elimu ile ilidharauliwa na wazazi waliotaka hesabu tu, ingawa ni nadra kupatikana somo la hesabu lililo wazi kama kuipunguza 82 hadi 64 kwa viwili viwili bila kukipinda kitambaa.

Hasara kubwa zaidi imeipata kazi ya kutengeneza. Soksi iliyofumwa kwa mkono ikitoboka kisigino haikutupwa. Tundu lilitandwa nyuzi za kwenda, zikapitishwa nyuzi za kuvuka, au kisigino kizima kikafumuliwa na kufumwa upya juu ya vitanzi vilevile. Sweta kuukuu nalo lilifumuliwa, uzi ukaoshwa na kunyoshwa, ukaanza maisha mengine. Leo soksi za nailoni huuzwa barabarani jozi tatu kwa pamoja, kisigino chake kikiwa alama ya rangi tu iliyotiwa mahali panapokisiwa kuwa kisigino, nazo zikitoboka hakuna anayeinua hata moja kuitazama tundu lake limeanzia wapi. Uzi uliosalia kwenye maduka mengi ni wa akriliki, katika rangi za sare za shule, na sindano ambazo bado zinafanya kazi hufuma zaidi seti za watoto wachanga: kofia, sweta, na visoksi vya kufungwa kwa utepe kifundoni. Visoksi hivyo ni vizuri, na mama aliyejifungua huvipokea kwa furaha. Ila hufumwa kwa ajili ya mguu usiotembea, kwa hiyo haviulizi lolote kuhusu kisigino, na binti anayejifunza kwa kuvifuma hivyo peke yake atazimudu sindano miaka mingi pasipo kukutana na ile safu inayogeukia njiani.