Mwaka Mzima Ndani ya Siku Moja: Trauti wa Bwawa la Molo

Kufikia saa nne asubuhi nilikuwa nimerusha mshipi kwa saa tatu mfululizo bila kuguswa. Mwenye bwawa, mzee mfugaji wa kondoo, aliniletea chai, akatazama kidogo, kisha akauliza: "Kijana, hao samaki unawavua au unawafukuza?" Nilicheka, nikapokea kikombe. Jioni niliondoka na trauti wawili kikapuni, na wa tatu nilikuwa nimemrudisha majini. Kilichobadilika katikati hakikuwa bahati, na ndicho ninachokichambua hapa.

Bwawa lenyewe liko kwenye shamba la mtu binafsi juu ya mji wa Molo, kiasi cha mita 2,500 kutoka usawa wa bahari. Ni dogo: urefu wake hatua 70, upana 40, na penye kina zaidi, karibu na tuta, ni mita tatu na nusu. Maji huingia kwa mfereji kutoka chemchemi. Ukingo wa mashariki ni malisho matupu, wa magharibi una safu ya mikaratusi.

Trauti ni samaki wa maji baridi. Hula vizuri maji yakiwa kati ya nyuzi 10 na 16 za Selsiasi. Yakipita 20 huanza kutaabika, na yakikaribia 25 hufa. Ndiyo maana humpati kwenye sakafu ya Bonde la Ufa. Ziwa Nakuru ni maji ya magadi, na kule Naivasha wavuvi wa mshipi wamezoea besi mdomo mkubwa, aliyeletwa kutoka Marekani mwaka 1929. Kumfuata trauti ni lazima upande, Njoro, Elburgon hadi Molo, mpaka uhitaji sweta saa sita mchana.

Lakini mwinuko huo hutoa kwa mkono mmoja na kuchukua kwa mwingine. Huleta baridi, ila mgandamizo wa hewa kwa mita 2,500 ni takriban robo tatu tu ya ule wa Mombasa, na oksijeni inayoyeyuka majini hupungua kwa kiwango hicho hicho. Maji ya nyuzi 20 yaliyo pwani yanaweza kubeba karibu miligramu 9 za oksijeni kwa lita. Hapa Molo hayafiki 7. Kwa hiyo joto la mchana humwelemea trauti wa milimani mapema kuliko vitabu vya ng'ambo vinavyosema.

Samaki huyu si mwenyeji. Mwaka 1905 mlowezi Ewart Grogan alileta mayai ya trauti wa kahawia kutoka Uskoti na kuyapandikiza katika mto Gura, Aberdare. Trauti wa upinde wa mvua alifuata miaka michache baadaye kutoka Afrika Kusini, na kituo cha serikali cha Kiganjo, karibu na Nyeri, kikawa kitalu cha vifaranga. Katika bwawa lisilo na mkondo wa maji juu ya changarawe, trauti hazaliani. Kila samaki aliyemo aliwekwa kwa mkono, na kila anayetolewa hupunguza hesabu ya mwenye shamba. Huwezi kumvua ovyo na kusema Mungu ataleta wengine.

Sasa tuje kwenye zana. Mvuvi wa pwani hurusha chubwi, na chubwi huburuta uzi. Kwa nzi wa bandia kazi hugeuka: nzi ni manyoya na uzi vilivyofungwa kwenye ndoana, hana uzito wa kumfikisha popote, hivyo uzito umo kwenye mshipi wenyewe, ulio mnene na unaoelea. Fimbo huupinda mshipi hewani, nao hubeba nzi. Baina ya mshipi na nzi nilifunga nailoni ya mita tatu na nusu, nyembamba mwishoni ili samaki asiione. Nzi nao si wa kutafutwa mbali: Kenya imekuwa kwa miaka mingi miongoni mwa nchi zinazofunga nzi wengi wa biashara, na mikono ya mafundi wetu imenasa samaki katika mito ya Ulaya na Marekani ambayo wao wenyewe hawajawahi kuiona.

Kosa langu la kwanza asubuhi lilikuwa mahali pa kusimama. Nilichagua ukingo wa mashariki kwa sababu nyuma yangu hapakuwa na mti wa kunasa mshipi. Lakini jua la asubuhi lilikuwa mgongoni. Kivuli changu, cha fimbo, na cha mshipi uliokuwa ukienda na kurudi hewani, vyote vililala juu ya maji. Mtoni trauti hukaa mahali pamoja akielekea mkondo, akisubiri chakula kimjie. Ukimtisha mmoja, wa juu yake huenda hajui. Bwawani hakuna mkondo wa kumletea chakula, hivyo huzunguka kukitafuta. Kwenye maji ya hatua 40, mmoja akishtuka na kukimbia, wote wamepata habari.

Kosa la pili lilikuwa saa. Nimesoma mengi kuhusu alfajiri na nzi wa kuelea, na nikafika saa moja kamili. Kipimajoto nilichokifunga kwenye kamba kilionyesha nyuzi 12, na nyasi bado zilikuwa nyeupe kwa baridi. Trauti alikuwa tayari kula. Chakula ndicho kilichokuwa kimelala. Hakuna mdudu anayepanda juu ya maji Molo kabla jua halijampasha. Vitabu vya Uingereza huhesabu majira kwa miezi, nasi tuko karibu kabisa na Ikweta, ambako miezi hutofautiana kwa mvua kuliko kwa joto. Majira ya trauti wetu yamo katika mzunguko wa siku: saa moja asubuhi ni Machi ya Uskoti, saa nane mchana ni Julai, na saa kumi na moja jioni ni Septemba.

Baada ya chai nilihamia chini ya mikaratusi. Miti nyuma yangu ilinificha, ila sasa sikuwa na nafasi ya kurusha nyuma. Dawa yake ni mtupo wa kuviringisha: unauacha mshipi ulale juu ya maji mbele yako, unainua fimbo polepole mpaka mshipi utengeneze tumbo kando ya bega, kisha unaipiga mbele kwa mkato. Mshipi hujikunjua kama mkeka. Hauendi mbali, labda mita kumi, lakini kwenye bwawa dogo mita kumi zatosha.

Nilibadilisha nzi pia, nikafunga anayeiga kiluwiluwi cha kereng'ende. Mdudu huyu hukaa chini miongoni mwa magugu, na akitaka kukimbia hunyonya maji na kuyatema kwa nyuma, akaruka mbele kwa mshindo mfupi. Nilipima ukingoni nikaona nzi wangu huzama kiasi cha sentimita 10 kwa sekunde. Nikahesabu hadi tano, nikavuta: hakuna. Hadi nane: hakuna. Hadi kumi na tano, kisha mvuto wa urefu wa kiganja, pumziko, mvuto. Katika pumziko la tatu mshipi ukakaza. Hapo usinyanyue fimbo; ncha yake ibaki karibu na maji, na mkono wa kushoto ndio uvute. Ukinyanyua na samaki akakosa, nzi ametoka majini. Ukivuta kwa mkono na akakosa, nzi bado yumo mbele yake.

Huyo wa kwanza alikuwa wa kula, nikampasua papo hapo. Tumboni mlikuwa na viluwiluwi viwili vya kereng'ende, konokono mmoja, na rundo la visubi wachanga weusi wa majini, wale wanaopanda juu wakielekea kugeuka wadudu kamili. Tumbo la samaki ni ushahidi usiodanganya.

Mchana maji ya juu yalifika nyuzi 19, nami nikaacha. Saa kumi upepo ulitoka upande wa malisho na kusukuma chakula cha juu kuelekea miti. Nilifunga kisubi mdogo mweusi, nikamwacha apelekwe na upepo bila kumvuta hata kidogo. Wa pili alimchukua taratibu sana. Mshipi ulisogea kando tu, kinyume cha mawimbi. Wa tatu alikuja giza likiingia, kwa nzi wa kuelea, yule yule niliyemchosha bure alfajiri. Maji yalikuwa yamerudi 16, nikamfungua ndani ya wavu bila kumtoa majini, akaenda. Mchana nisingethubutu: samaki aliyechoka katika maji moto, yenye oksijeni haba, huogelea akaondoka, kisha hufa usipomwona.

Nilipokuwa nafunga mizigo nilimweleza mzee kuhusu kipimajoto, jua na saa nilizopoteza. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Basi siku nyingine usijisumbue kuja mapema," akasema. "Hata kondoo sisi hatuwatoi kabla umande haujakauka."

Alikuwa ameniona tangu saa moja, na sikuwa nimemuuliza.