Ramani za Isachsen: mkono mmoja, matokeo mawili



Wenye kuandika juu ya Gunnar Isachsen (1868–1939), askari na mchora ramani wa Norway, mara mingi wanasifu tu uvumilivu wake: baridi, mbwa, barafu. Mimi naona wanapita kando. Mchora ramani tumuhukumu kwa ramani yake: alipima kweli? Na kisha kazi ile ilifaidi nani?

Tuanze na kipimo. Isachsen alikuwa luteni wa kikosi cha farasi wakati alipanda meli Fram, mwaka 1898, chini ya Otto Sverdrup. Walikuwa watu 16, wakapitisha majira manne ya baridi kaskazini kabisa ya Kanada. Mwaka 1901, yeye na mwenzake Sverre Hassel walizunguka visiwa vya Ringnes, mizigo yao ikikokotwa na mbwa juu ya barafu. Fram iliporudi 1902, kikundi kilikuwa kimechora eneo la zaidi ya kilomita za mraba 260 000.

Kuko watu banacheka majina ya visiwa vile. Ellef na Amund Ringnes walikuwa wenye kiwanda cha bia, na Axel Heiberg naye alitoa feza. Kisiwa kizima jina la mtu wa bia! Lakini jina haliharibu kipimo. Angalia Mmarekani Robert Peary: mwaka 1906 alisema ameona kwa mbali nchi mpya kaskazini-magharibi ya Axel Heiberg, akaiita Crocker Land, na Crocker alikuwa mfadhili vilevile. Watu walienda kuitafuta mwaka 1914. Hakuna kitu, ni bahari ya barafu tu. Wote walishukuru wafadhili, ila Isachsen alifika mahali, akapima. Ramani ya Wanorway nayo ilikuwa na pengo: kisiwa cha Meighen hakikuwemo, kilikuja kuonekana 1916. Pengo namna ile nalikubali. Atakayefuata anaweza kulijaza, bila kupoteza safari nzima juu ya nchi isiyokuwako.

Sasa swali la pili, njo lenye kuniuma. Sverdrup alitangaza kwamba visiwa vile ni vya mfalme wao, lakini serikali haikufuatilia kwa nguvu. Mwaka 1930 Norway ikakubali viwe vya Kanada, na Kanada ikamlipa Sverdrup dola 67 000 kwa ramani na maandishi yake. Mwaka ule ule akafa. Jina la Isachsen lilibaki pale Ellef Ringnes kwenye kituo cha kupima hali ya hewa, kilichofunguliwa 1948 na kufungwa 1978.

Linganisha na Svalbard. Mwaka 1909 na 1910, Isachsen huyo huyo aliongoza safari za kupima Spitsbergen, lakini safari hii serikali ilimsaidia, na kisha yake iliendelea kutuma watafiti wengine. Mwaka 1920, mapatano ya Paris yalipatia Norway mamlaka juu ya Svalbard, yakaanza kutumika 1925. Sisemi ni ramani peke yake. Kulikuwa makaa ya mawe na siasa ya kisha vita. Lakini kazi ile ilipata ofisi ya kuipokea na watu wa kuiendeleza. Kule Ringnes ujuzi ulikuwepo, ofisi haikuwepo.

Juu ya nini naleta mambo haya kwetu? Sisi ba agronome tunatumwa shambani na GPS, tunapima viwanja, tunachukua udongo, tunajaza fishi. Mradi ukiisha, fishi zinaenda na mradi. Kijiji ambako udongo ulitoka hakioni hata karatasi moja, na promosheni inayofuata inaanza tena kwa sifuri. Kisha tunalalamika kwamba nchi haina data! Iko nayo, ila iko kwenye kompyuta ya mwingine.

Kwa hiyo, wenzangu, mbele ya kutia sahihi kwenye mkataba wa kazi, tuulize: kopi itabaki wapi? Kwa chifu? Kwa koperativa? Kwenye fakilte? Kama hakuna mwenye kujibu, tuombe iandikwe ndani ya mkataba. Kupima vizuri tulishafundishwa. Hii ya pili, hakuna profesa aliyetuuliza siku ya mémoire.