Kupima Riwaya kwa Kisomo cha Pili

Riwaya ya watu wa kawaida wa mji mdogo haipimwi kwa kisomo cha kwanza. Mara ya kwanza unakimbilia kujua nani ataoa, nani atarithi. Irudie ukiwa unajua mwisho wake, ndipo ufundi ujitokeze, au ukosekane. Mfano wangu ni Middlemarch ya Mwingereza George Eliot, ambaye jina lake la kuzaliwa ni Mary Ann Evans.

Anza na fedha. Mwandishi hafifu husema fulani alikuwa na shida, akapita. Eliot anakuwekea hesabu mezani. Kijana Fred Vincy anadaiwa pauni 160, na Caleb Garth, mzee mwema asiyejua kukataa, ndiye mdhamini. Siku ya kulipa Fred analeta 50 tu. Mama Garth, ambaye muda mfupi uliopita alikuwa jikoni akisomesha wanawe sarufi huku akitengeneza pai, anatoa pauni 92 alizodunduliza ili mwanawe Alfred akafunzwe kazi. Zilizosalia, 18, zinatoka kwenye akiba ya binti yao Mary, na Mary ndiye anayependwa na Fred! Kisomo cha kwanza kilikufanya umwonee Fred huruma. Cha pili kinakugeuza umtazame mama.

Kisha umbea. Kwingine huwa kachumbari ya pembeni; hapa ndio unaosukuma mambo. Daktari Lydgate amekopeshwa pauni 1,000 na Bulstrode, mwenye benki, na mara mgonjwa aliyekuwa akijua siri za Bulstrode anafariki katika nyumba ya huyo mwenye benki. Ushahidi wa kumtia daktari hatiani hamna, ila mfanyabiashara wa farasi ameshaanza kusimulia nje ya hoteli, na mji unamalizia wenyewe. Tafuta wa kulaumiwa peke yake, humpati. Kuandika hivyo ni kazi ngumu.

Kipimo ninachokiamini zaidi ni watu wa pembeni. Mkewe Bulstrode, Harriet, tumemzoea kama shangazi mpenda mavazi na maneno ya watu. Katika sura ya 74 anapata habari za fedheha ya mumewe. Anajifungia chumbani, anavua mapambo yote, anavaa gauni jeusi lisilo na nakshi, anabadilisha hata namna ya kutengeneza nywele, kisha anashuka kukaa na mumewe. Hamuulizi kitu. Ukirudi nyuma sasa, yale mavazi ya mwanzoni unayasoma kwa jicho jingine.

Dosari ipo: mmoja wa wahusika wakuu, Will Ladislaw. Kila nikimrudia namwona mwepesi kuliko uzito aliobebeshwa.

Riwaya yenyewe ilitoka kwa mafungu manane, kuanzia Desemba 1871 hadi Desemba 1872. Nawe isome hivyo hivyo, fungu moja kisha upumzike. Ukiwa na haraka, chagua kitabu kingine.