Mji wa Mwenyeji: London katika Masimulizi ya Safari ya Afrika Mashariki

Masimulizi ya safari hayajapewa nafasi inayostahiki katika uhakiki wa fasihi ya Kiswahili. Riwaya ina wahakiki wake, ushairi una wake, na hata tawasifu, tangu Shaaban Robert, imepata watetezi. Safari hutajwa katika sura ya kwanza ya historia ya nathari, husifiwa kwa ukongwe wake, kisha hufunikwa. Na pale mhakiki anapoisoma, hasa ile inayomfikisha Mwafrika katika mji mkuu wa Ulaya, hukumu huwa imekwisha kuandaliwa: msafiri alipumbazwa na taa, majumba na magari, akarejea kwao akiwa mpiga zumari wa mkoloni. Hukumu hiyo haikosi ukweli. Walakini, imejengwa juu ya usomaji wa haraka. Inauliza msafiri aliona nini, bila ya kuuliza ni nani aliyemwonyesha na alikuwa akimsimulia nani.

Jambo la kwanza la kutenganisha ni ajabu kama hisia na ajabu kama kanuni ya utanzu. Ibn Battuta, aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, alimwimlisha Ibn Juzayy kitabu ambacho jina lake kamili ni ahadi ya ugeni wa miji na maajabu ya safari. Hakuna aliyewahi kumshutumu kwa kasumba. Sultani Barghash wa Unguja alipozuru London mwaka 1875, safari yake iliandikwa kwa Kiarabu na Zahir bin Said aliyekuwa katika msafara, na kitabu kikapewa jina la kuburudisha macho na fikra. Macho yametangulia. Hata hivyo Sultani hakwenda London kuburudisha macho pekee. Katika ziara hiyohiyo alitia sahihi nyongeza ya mkataba wa 1873 wa kukomesha biashara ya watumwa. Hapa pana umbo litakalojirudia kwa zaidi ya nusu karne: jina la kitabu linatangaza kutazama, ilhali shughuli iliyomvusha msafiri bahari ni nyingine. Orodha ya maajabu, basi, si lazima iwe ushahidi wa nafsi iliyosalimu amri. Yaweza kuwa adabu ya utanzu, kama vile utenzi unavyofunguliwa kwa jina la Mungu. Yaweza pia kuwa adabu ya mgeni, ambaye hasemi mbele ya mwenyeji kwamba mchuzi umepungua chumvi.

Ni nani, lakini, anayesomewa maajabu hayo? Swali hili linaonekana kwa uwazi zaidi Berlin kuliko London, na kwa sababu hiyo inafaa kupita huko kwanza. Chuo cha Lugha za Mashariki kilifunguliwa Berlin mwaka 1887, na mmoja wa walimu wake wa awali wa Kiswahili alikuwa Amur bin Nasur, Mwarabu wa Unguja, aliyefundisha huko kuanzia 1891 hadi 1895. Maelezo yake ya maisha na safari yaliingizwa katika diwani ya maandishi ya Kiswahili iliyohaririwa na C. G. Büttner na kuchapishwa mwaka 1894, kwa hati za Kirumi pamoja na tafsiri ya Kijerumani. Wasomaji waliokusudiwa hawakuwa watu wa Malindi au Ng'ambo. Walikuwa wanafunzi wa Kijerumani waliojiandaa kwenda katika koloni kama maafisa, wafanyabiashara au wamisionari.

Hali hiyo ni ya kipekee katika historia ya nathari ya Kiswahili. Mji unasimuliwa kwa wakazi wake wenyewe. Msomaji angeweza kufunga kitabu, kutoka nje, na kuyakuta yote mbele ya mlango. Kwa hiyo simulizi halimpi habari ya mji. Linampa lugha, na juu ya lugha, starehe ya kujiona akistaajabiwa. Katika mazingira ya namna hii ajabu ni bidhaa iliyoagizwa. Mhakiki anayeikuta na kutangaza kwamba Amur alipumbazwa amemhukumu muuzaji kwa ladha ya mnunuzi. Aidha, kuna jambo ambalo huenda mwagizaji hakulitarajia. Mberlini alilazimika kuisoma njia anayoipita kila siku kwa maneno ya Unguja, yenye kubeba vipimo na heshima za Unguja, na kwa muda huo akawa yeye ndiye asiyeelewa. Selim bin Abakari, aliyekwenda Urusi na Siberia mwaka 1896 akiandamana na Mjerumani Bumiller, na ambaye safari yake ilichapishwa na Carl Velten mwaka 1901, hafichi upande wa pili wa kioo: kwamba popote alipokuwa akitazama, yeye pia alikuwa akitazamwa, tena kwa mshangao usio na adabu ya mgeni.

London ya mwaka 1902 ina muundo tofauti. Apolo Kagwa, Katikiro wa Buganda, alialikwa kwenye kutawazwa kwa Edward VII, na katibu wake, Ham Mukasa, akaandika habari za ziara hiyo. Sherehe iliyopangwa tarehe 26 Juni iliahirishwa kwa ugonjwa wa mfalme hadi tarehe 9 Agosti, na wageni wakabaki mjini wakionyeshwa mengi zaidi ya yaliyokusudiwa. Sifa kubwa ya Mukasa ni vipimo. Haridhiki kusema kitu ni kikubwa. Hutafuta kilichoko Buganda cha kukilinganisha nacho, na ulinganisho unaposhindikana hukiri hivyo. Hilo halifanywi na mtu aliyesahau anakotoka. Ni kazi ya mwandishi anayejua kwamba msomaji wake hana Westminster machoni, bali ana vilima vya Mengo.

Lakini msomaji huyo wa Mengo hakukipata kitabu hicho. Kilichotoka mwaka 1904 ni Kiingereza cha kasisi Ernest Millar, aliyetafsiri na kuhariri, chenye utangulizi wa Harry Johnston, na kurasa zake zikatangazwa kuwa ni maelezo rasmi ya ziara. Millar ndiye aliyeandamana na wageni akiwa mkalimani wao. Maana yake ni kwamba mtu yuleyule aliyewafasiria mji kwa wasafiri ndiye aliyewafasiria wasafiri kwa mji. Mlango wa kuingilia na wa kutokea ulikuwa mmoja, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwake. Taban lo Liyong alipoihariri upya kazi hii mwaka 1975, aliipa jina linalodai kwamba Apolo Kagwa ndiye aliyeivumbua Uingereza. Kejeli hiyo ni nzuri na ilihitajika, maana neno la kuvumbua lilikuwa limezoea kusafiri upande mmoja tu. Hata hivyo inasaza tatizo: mvumbuzi anayepangiwa kila siku pa kwenda, na anayenukuliwa kwa ulimi wa mpangaji, ni mvumbuzi wa aina gani?

Miaka ishirini na tisa baadaye swali hilo lilirejea London likiwa na uzito mwingine, na safari hii Kiswahili kilikuwamo. Mwaka 1931 Kamati ya Pamoja ya Bunge la Uingereza ilichunguza pendekezo la kuziunganisha Kenya, Uganda na Tanganyika chini ya mamlaka moja. Mashahidi Waafrika waliitwa. Kutoka Kenya walikwenda Koinange wa Mbiyu, Ezekiel Apindi na James Mutua. Kutoka Uganda alikuwamo Serwano Kulubya. Kutoka Tanganyika walikuja Chifu Makwaia, Francis Lwamgira na Martin Kayamba. Kayamba, Mbondei aliyesomea Kiungani na mwasisi wa chama cha watumishi Waafrika wa serikali mjini Tanga mwaka 1922, ndiye aliyekuwa na kalamu. Mwaka 1932 Sheldon Press ilichapisha kitabu chake, *Tulivyoona na Tulivyofanya Uingereza*.

Jina haliamui yote yaliyomo katika kitabu, ila hutangaza mkataba na msomaji, na jina hili linastahili kusomwa kwa utulivu. Kwanza ni nafsi. "Tu-" ya Kiswahili haibainishi kama msikilizaji yumo au hayumo. Msomaji wa Muheza anaweza kujihisi amealikwa, kumbe walioona na kufanya ni watatu tu. Pili ni "-vyo-". Yaweza kuwa ya namna, yaani jinsi tulivyoona. Yaweza pia kuwa rejeshi ya ngeli ya KI-VI, ikidokeza vitu visivyotajwa, vitu tulivyoona. Kwa kitenzi cha kwanza maana zote mbili zinakubalika, na utata huo ni wenye faida: kitabu kinaahidi vitu na papo hapo kinaahidi jicho. Kwa kitenzi cha pili mizani inaelemea upande wa namna, kwa kuwa anayetaka kuhesabu mambo angesema "tuliyofanya". Alichoahidi Kayamba si orodha ya vitendo bali mwenendo: jinsi Waafrika watatu walivyojichukua ugenini. Katika miaka ambayo walowezi walidai kwamba Mwafrika hajafikia kiwango cha kushauriwa, mwenendo haukuwa jambo dogo.

La tatu ni lile ambalo jina halisemi. Yapo macho na ipo mikono, lakini mdomo haupo. Watu hawa waliitwa London kusema. Walisafirishwa maelfu ya maili ili watoe ushahidi, na mashahidi wa Tanganyika walisema kwamba watu wao hawautaki muungano huo. Ushahidi wenyewe ulichapishwa katika kumbukumbu za Bunge, kwa Kiingereza, kwa msomaji mwingine kabisa. Kwenye jalada la Kiswahili ukabaki ule utaratibu wa zamani wa macho kutangulia. Haihitajiki kudhani njama ili kulieleza hilo. Sheldon Press ilikuwa tawi la uchapishaji la jumuiya ya Kianglikana, na yalikuwako mazoea ya muda mrefu kuhusu kile ambacho kitabu cha Kiswahili kinafaa kuwa: chenye mafunzo, chenye adabu, chenye manufaa shuleni. Safari ilitoshea humo mradi itembee na kutazama.

Thamani ya uchaguzi huo huonekana tu pale London ya Kayamba inapowekwa karibu na London nyingine ya mwaka huohuo. Parmenas Mockerie na Johnstone Kenyatta walitumwa huko mwaka 1931 na Kikuyu Central Association wakiwa na hoja juu ya ardhi na uwakilishi. Kamati haikuwapokea kuwa mashahidi. Kwao mji haukuwa na mwenyeji rasmi. Hapakuwa na wa kuwapangia siku, na mlango wa chumba walichokijia ulibaki umefungwa. Kwa istilahi za uhakiki, wao walikuwa wasafiri zaidi kuliko wageni. Mockerie aliandika, naye alipata mchapishaji: Hogarth Press ya Leonard na Virginia Woolf ilitoa *An African Speaks for His People* mwaka 1934, kikiwa na dibaji ya Julian Huxley. Kitenzi katika jina hilo ni kile hasa ambacho jalada la Kayamba halina. Mwafrika anasema. Lakini anasema kwa Kiingereza, akimwambia Mwingereza.

Si sahihi, kwa hiyo, kumpanga Kayamba upande wa kasumba na Mockerie upande wa ukombozi, kisha kufunga mjadala. Mgawanyiko wenyewe ulikuwa wa lugha kabla haujawa wa msimamo. Katika vitabu hivi viwili, aliyekisoma cha Kiswahili alipewa mji unaotazamwa. Aliyekisoma cha Kiingereza alipewa Mwafrika anayedai. Kila msomaji alipewa kile ambacho, kisiasa, hakingemsumbua mwenyeji sana: malalamiko yalikwenda kwa wachache wenye huruma jijini London, na maajabu yalikwenda Tanga. Mwaka 1936 Margery Perham aliwakutanisha Kayamba na Mockerie katika jalada moja, *Ten Africans*, kila mmoja akisimulia maisha yake. Hapo hatimaye mgeni na asiyealikwa wa 1931 wangeweza kusomwa pamoja, mmoja akimjibu mwingine. Lugha ilikuwa Kiingereza tena. Mitalaa ya fasihi ya Kiswahili inayomtaja Kayamba peke yake, au isiyomtaja kabisa, inaendeleza mpaka uliochorwa na wachapishaji wa miaka ya thelathini, na kuuchukulia kana kwamba ni mpaka wa utanzu.

Waswahili husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kayamba alirudi akiwa bado katika siku zake mbili, na kitabu chake kina heshima za siku hizo. Kenyatta alikaa hadi 1946. Alikuwa na muda kuliko wote wa kuizungukia London, kupanda magari yake, kulipa kodi ya vyumba vyake na kuujua ukungu wake, naye hakuandika kitabu cha safari juu ya mji huo. Aliketi katika darasa la Malinowski kwenye London School of Economics, na kitabu alichokitoa mwaka 1938, *Facing Mount Kenya*, kinaeleza umiliki wa mashamba, jando, ndoa na mabaraza ya wazee wa Agikuyu.