Mkono wa Kushoto wa Fundi

Anayemtazama fundi akipuliza vumbi kwenye kompyuta hukodolea mkono wa kulia, ulioshika blowa. Kelele ziko huko, wingu la vumbi liko huko. Mimi nimekaa sana kwenye kibaraza cha fundi wangu hapa Dodoma, na siku hizi natazama wa kushoto.

Mvua ikishakata, vumbi jekundu la mji huu huingia hata kabatini, sembuse kwenye boksi lenye feni zinazovuta hewa kutwa. Mtu huleta mashine akilalamika kuwa imekuwa nzito, inanguruma, halafu inajizima. Yeye anasema virusi. Fundi habishani. Anachomoa waya wa umeme, anabonyeza kitufe cha kuwashia na kukishikilia. Taa ndogo kwenye madabodi inafifia, feni inashtuka nusu mzunguko, inatulia. Umeme uliobaki ndani umekwenda zake.

Hapo mkono wa kushoto unashika chuma kitupu cha boksi. Siku kavu kama hizi mwili wa mtu hubeba umeme tuli, na hatuusikii mpaka ufike kama volti 3,000, ilhali vipuri vingine vya ndani huungua hata chini ya 100. Kwa hiyo mkono unakaa kwenye chuma, na ukiondoka kidogo hurudi kabla ya kugusa ramu. Kifyonza vumbi cha nyumbani hakikanyagi kibarazani pale, maana nacho huzalisha umeme wa namna hiyo.

Kisha feni. Blowa ikiipiga feni iliyo huru, mapanga yake huzunguka kwa kasi ambayo hayakutengenezewa. Beringi zinaumia, na feni yenyewe inageuka jenereta ndogo na kusukuma umeme kurudi kwenye madabodi. Fundi analaza kidole cha shahada juu ya panga moja, kwa wepesi wa mtu anayepima mapigo ya moyo, na kidole hakitoki hapo mpaka upepo uishe. Nimeona vijana wakiacha feni zilie kama pikipiki, wakicheka.

Lakini uhondo uko chini ya feni ya prosesa. Ukipuliza juu juu utaona pamesafika, uondoke umeridhika. Fundi anafungua skrubu nne na kuinyanyua feni: chini yake, juu ya vibati vyembamba vya alumini, limelala blanketi la vumbi, zito, limeshikana kama sufi ya mto wa zamani. Hewa haipiti hapo. Prosesa ikikaribia nyuzi 100 hujipunguzia kasi isiungue, na huo ndio uzito aliolalamikia mwenye mali. Fundi halipulizi blanketi hilo. Analichambua kwa brashi laini ya rangi, kisha analivua lote kwa vidole, kipande kimoja. Huwa namwomba nilishike.

Nikiri kosa langu. Zamani nilipeleka mashine yangu gereji ipulizwe kwa kompresa ya matairi. Hewa iliyoshindiliwa hutoa maji, na mengine yalitemwa juu ya madabodi. Fundi aliponisikia aliniangalia tu.

Kuhusu pesti ya prosesa hana maneno mengi: anafuta ile iliyokauka kwa alkoholi ya asilimia 99, kwa sababu spiriti nyepesi ina maji, anaweka mpya kiasi cha punje ya mbaazi. Mafundi hugombana kwa saa nzima kuhusu punje hiyo. Pawa saplai haifungui kabisa. Kapasita zake huweza kubaki na volti zaidi ya 300 hata waya ukiwa umechomolewa, kwa hiyo anaipuliza kwa nje, kupitia matundu yake, feni yake ikizuiwa kwa kijiti cha mbao. Mkono wa kushoto tena.

Mara ya mwisho aliwasha mashine yangu ikiwa wazi, akainamisha sikio. Sikusikia kitu. Akafunga ubao wa pembeni, akauliza:

"Mzee wangu, hii nyumbani inakaa wapi?"

"Chini ya meza, sakafuni."

Hakusema neno. Akazunguka nyuma ya kibanda, akarudi na matofali mawili, akayapakia kwenye bajaji kando ya kompyuta.